Kabla Hujalipia Mota Mpya ya Kukaushia

Masika yanapoingia mwezi Machi, kamba za nguo za Mbagala, Chamazi, Tegeta na Bunju hazitegemeki tena. Mvua inapiga asubuhi, jua linachungulia kidogo mchana, wingu linarudi kabla suruali ya jinzi haijakauka kiunoni. Hata siku isiyo na mvua, hewa ya pwani inakuwa nzito kwa unyevu. Watoto wanakwenda shule na sare mbichi, na nguo zilizolundikwa chumbani zinaanza kunuka uvundo. Miezi hiyo, mpaka Mei, ndiyo ambayo upande wa kukaushia wa mashine ya kufulia unatumika kuliko wakati mwingine wowote, na ndiyo ambayo mafundi wanapigiwa simu kila siku.

Ninaizungumzia ile mashine ya plastiki yenye mapipa mawili, kubwa la kufulia na dogo la kukaushia, ambayo ndiyo nyumba nyingi za pembezoni mwa Dar es Salaam zinaimudu. Haipashi nguo joto. Inazikamua kwa kuzizungusha kwa kasi, mizunguko kama 1,300 hadi 1,400 kwa dakika, maji yanarushwa nje kupitia matundu ya kikapu, na nguo inatoka na unyevu mdogo ambao upepo wa varanda unaumaliza kwa saa chache. Vikaushio vyenyewe vya joto vipo pia, na nitavifikia, lakini kilio kikubwa cha watu kiko kwenye hili pipa dogo.

Likigoma, mambo huwa yanakwenda hivi. Fundi anaitwa, anawasha, anasikia mvumo bila mzunguko, anatangaza kwamba mota imekufa. Mwenye mashine anajikamua, mota inanunuliwa, inafungwa. Baada ya wiki kadhaa mota mpya nayo inanuka moshi, na mashine inaishia nyuma ya nyumba ikitumika kuhifadhia mkaa. Msimamo wangu ni kwamba mota iwe ya mwisho kushukiwa, na kwamba hata ile iliyoungua kweli isibadilishwe kabla hakijajulikana kilichoiunguza. Mara nyingi mkosaji ni breki, kapasita, umeme hafifu au raba ya kuzuia maji, na vyote hivi vinaweza kuchunguzwa nyumbani na mtu mwenye bisibisi, utulivu na mwanga wa kutosha.

Kwanza elewa kilichomo. Mota ya kukaushia imekaa chini ya pipa, imeegemea springi tatu zinazomeza mtikisiko. Mhimili unatoka kwenye mota, unapita katikati ya raba inayozuia maji, unashika kikapu. Umeme unafika kwenye mota ukipitia taima, ambayo kwa kawaida mwisho wake ni dakika 5, na ukipitia swichi ndogo iliyo chini ya mfuniko. Mfuniko huohuo umeunganishwa na waya wa breki. Ukiufunga, waya unavutwa na breki inaachia. Ukiufungua, waya unalegea na breki inabana ili kikapu kisimame kabla mkono haujaingia. Ukilishika hilo la mfuniko, umeshika nusu ya matatizo yote.

Kabla ya kugusa skrubu yoyote, toa plagi ukutani. Kuzima swichi ya soketi hakutoshi. Katika nyumba zilizofungwa umeme kwa haraka, utakuta swichi inakata waya wa nyutro na kuuacha waya wa laini ukiwa hai mpaka ndani ya mashine. Sakafu yenye maji, miguu mitupu na umeme wa volti 230 vimeua watu majumbani, kwa hiyo plagi ikae mkononi mwako au mahali unapoiona muda wote wa kazi.

Sasa sikiliza mashine inafanya nini. Kimya kabisa ni tatizo la aina moja, na kuvuma bila kuzunguka ni tatizo la aina nyingine.

Ikiwa kimya, jaribu upande wa kufulia. Nao ukinyamaza, tatizo liko nje au mwanzoni mwa njia: soketi, waya wa ekstensheni, fyuzi iliyo ndani ya plagi ya pini tatu. Hiyo fyuzi ya ampia 13 hubadilishwa kwa dakika chache, na kuna watu wameshalipa nauli ya fundi kwa ajili yake tu. Upande wa kufulia ukifanya kazi, basi umeme umefika na umekwama kwenye taima, swichi ya mfuniko au mota yenyewe. Usidanganywe na mlio wa taima. Taima za mashine hizi ni za springi kama za saa ya kujaza, zinalia tiki tiki hata plagi ikiwa mezani, kwa hiyo mlio huo hauthibitishi kwamba umeme unapita. Angalia kwanza mfuniko. Bawaba ikivunjika au kile kidole cha plastiki kinachobonyeza swichi kikikatika, mashine itaamini mfuniko uko wazi daima. Hapo ndipo fundi mvivu anapounganisha nyaya mbili za swichi moja kwa moja ili mashine iwake. Mkatalie. Nitaeleza sababu mwishoni, na ni sababu kubwa.

Ikivuma bila kuzunguka, usikae ukiisikiliza. Mota iliyokwama ikiwa na umeme hupata joto kali kwa muda mfupi, na dakika moja au mbili za kusubiri labda itazunguka zinaweza kugeuza tatizo la waya wa breki kuwa tatizo la mota. Zima, toa plagi, acha mfuniko umefungwa ili breki iachie, kisha ondoa kifuniko cha nyuma cha mashine na uzungushe mota kwa mkono kutoka chini. Ikizunguka kwa wepesi, tuhuma inahamia kwenye kapasita au umeme. Ikiwa nzito, kuna kitu kimeishika.

Lakini kabla ya kuilaumu mashine, ulaumu muda unaofulia. Nguvu ya mota hii ya kuanza kuzunguka haipungui sawasawa na umeme. Inapungua haraka zaidi, kwa sababu inafuata mraba wa volti. Umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 180, mota inabaki na takriban asilimia 61 tu ya nguvu yake ya kuanzia. Kikapu kilichojaa mashuka hakiinuki kwa nguvu hiyo. Kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa nne usiku, pasi, friji na feni za mtaa mzima zikiwa zimewaka, nyumba zilizo mbali na transfoma ndizo zinazopata kilichobaki. Ishara unaijua: taa inafifia, feni ya dari inajivuta. Hata bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115 na lililoanza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024, haliwezi kutibu waya mwembamba uliovutwa kutoka nguzo ya tatu. Basi jaribu mashine yako saa nne asubuhi, ikiwa tupu, imechomekwa moja kwa moja ukutani bila ekstensheni. Ikizunguka vizuri, huna mashine mbovu. Hamishia kazi ya kukausha asubuhi, na kama mtaa mzima unalalamikia umeme mdogo, pelekeni taarifa TANESCO kwa pamoja, kwa sababu lalamiko la mtaa husikika kuliko la nyumba moja.

Ikiwa mota ni nzito mkononi, anza na breki. Mwombe mtu afungue na kufunga mfuniko taratibu huku wewe ukiangalia kwa nyuma kwa tochi. Mfuniko ukifungwa, kile kipande cha breki kinapaswa kuachana kabisa na gurudumu lake, upenyo uonekane kwa macho. Waya wa breki hurefuka kadiri miaka inavyokwenda, au ndoano yake ya plastiki inachakaa, na breki inabaki ikigusa. Mashine bado itazunguka kwa muda, ila kwa uvivu, ikinuka raba ya moto, mpaka siku moja inabaki inavuma tu. Kwenye mashine nyingi ncha ya waya ina matundu kadhaa au skrubu ya kukazia. Sogeza tundu moja, jaribu, rudia mpaka upenyo utokee. Kazi hiyo haihitaji spea yoyote, na ni mota nyingi zilizookolewa nayo.

Kama breki iko huru na bado mota ni nzito, kuna uwezekano soksi au leso imeruka juu ya ukingo wa kikapu na kujiviringisha kwenye mhimili chini. Hii hutokea pale watu wanapokausha bila kile kifuniko kidogo cha ndani kinachogandamiza nguo. Kifuniko hicho hupotea haraka kwenye nyumba zenye watoto, na watu hukiona hakina maana. Kitafute, au nunua kingine. Sarafu na pini za nywele nazo hupita kwenye matundu ya kikapu, kwa hiyo kupekua mifuko kabla ya kufua ni sehemu ya matengenezo.

Kapasita ndiyo inayoipa mota msukumo wa kuanza. Kwenye mashine za mapipa mawili mara nyingi ni boksi moja linalohudumia mota zote mbili, na ubavuni mwake kuna namba mbili, mfano 10 na 4 au 12 na 5, zikifuatwa na alama ya µF. Namba kubwa ni ya kufulia, ndogo ni ya kukaushia. Ndiyo maana upande mmoja unaweza kufa na mwingine ukaendelea kama kawaida. Kapasita huweza kushika chaji hata baada ya plagi kutolewa, kwa hiyo usiguse ncha zake kwa vidole wala kuzigonganisha kwa bisibisi. Zipitishe kwenye balbu ya zamani ya nyuzi, ya wati 60, iliyo kwenye holda yenye nyaya mbili, kwa sekunde chache. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii. Kisha ipime kwa multimita yenye uwezo wa kusoma kapasita. Ikisoma chini ya namba iliyoandikwa kwa asilimia 10 au zaidi, badilisha.

Hapa pana mchezo unaofanywa mitaani ambao unaua mota. Fundi akikosa kapasita yenye namba inayofaa, anafunga ya feni ya dari. Kapasita za feni nyingi ni za 2.5 au karibu na hapo. Mota inayotaka 5 itaanza kwa shida, itazunguka ikiwa moto, na itaungua kabla masika hayajaisha. Dai namba ileile iliyo kwenye boksi la zamani, na volti zisiwe chini ya 450. Kapasita ya volti 250 inaweza kuingia mahali pale na kufanya kazi siku ya kwanza, lakini haikutengenezwa kwa mota hii. Na kabla hujachomoa waya wowote, piga picha kwa simu. Rangi za nyaya hutofautiana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine, na nyaya zikigeuzwa mota itazunguka kinyume.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa kila mwenye mashine alijue, yaani raba ya kuzuia maji.

Mhimili unaopita katikati ya pipa la kukaushia lazima uwe huru kuzunguka, na wakati huohuo maji yasipite pembeni yake. Kazi hiyo inafanywa na raba yenye mikunjo iliyofungwa kwenye sakafu ya pipa, na ndani yake mna bushi na sili ndogo inayoukumbatia mhimili. Sili ikichakaa, maji ya sabuni yanashuka taratibu na kudondokea juu ya mota iliyo chini kabisa. Mwenye mashine haoni kitu. Kila siku ya kufua mota inalowa kidogo, beringi inashika kutu, nyuzi za shaba au alumini ndani yake zinaanza kuvuja umeme, na mwisho mota inaungua. Fundi anaweka mpya. Raba iliyochakaa inabaki palepale ikiidondoshea maji mota mpya. Huu ndio mkasa wa mota ya pili kuungua, na ndiyo maana nasema kubadilisha mota bila kukagua raba ni kutupa hela.

Dalili ziko wazi ukijua pa kutazama. Wakati wa kukausha, maji yanadondoka katikati ya sehemu ya chini ya mashine badala ya kutoka kwenye bomba. Juu ya mota kuna michirizi ya kutu au unga mweupe wa chumvi na sabuni. Mhimili una rangi ya hudhurungi chini ya raba. Sauti imebadilika kutoka mvumo laini kuwa mkwaruzo. Kuna pia jaribio rahisi la kuthibitisha. Plagi ikiwa nje, inua bomba la kutolea maji na ulifunge juu kwa kamba, tandaza gazeti kavu chini ya mota, mimina maji kwenye pipa la kukaushia mpaka yafunike sakafu yake kwa vidole vichache, kisha subiri nusu saa. Gazeti likilowa katikati, umepata jibu bila kumlipa mtu.

Kuibadilisha kunataka subira zaidi kuliko utaalamu. Legeza bolti zinazounganisha mhimili na mota kwa chini, inua kikapu kitoke juu, kisha ng'oa raba. Bolti hizo mara nyingi zimeganda kwa kutu. Zipake mafuta ya kulegeza kutu, ziache usiku kucha, usizilazimishe mpaka kichwa kikaliwa. Sugua mhimili kwa msasa laini mpaka ung'ae. Pitisha ukucha juu yake: ukihisi mfereji, sili mpya itakatwa na mfereji huo ndani ya muda mfupi, na hapo unahitaji mhimili mwingine pia. Paka grisi isiyoyeyuka kwa maji ndani ya sili kabla ya kurudisha. Mafuta ya kula yanaganda, na oili ya injini huharibu baadhi ya raba. Ukimaliza, rudia jaribio la gazeti kabla ya kuwasha.

Maji tunayotumia yanaharakisha uharibifu huu. Kaya nyingi za Temeke, Kigamboni na mwambao wa Kunduchi bado zinategemea visima pale bomba la DAWASA linapokauka, na visima vingi vya pwani vina chumvi. Chumvi inakula mhimili, springi na skrubu. Kama huna budi kufulia maji ya kisima, angalau suuza ya mwisho iwe ya maji baridi yasiyo na chumvi, na masika yanakupa maji ya mvua bure kutoka kwenye bati. Baada ya kazi, zungusha kikapu kikiwa tupu kwa dakika moja, kisha acha mashine ikiwa wazi ikauke, ukiwa umetoa plagi.

Matatizo mengine ni mepesi. Kikapu kikizunguka lakini nguo zikatoka zimelowa, angalia bomba. Mashine nyingi za aina hii hazina pampu. Maji yanashuka yenyewe, na bomba likipandishwa juu ya kizingiti cha mlango maji yanabaki ndani na kukizuia kikapu. Povu jingi hufanya vilevile, kwa hiyo punguza sabuni na usuuze vizuri kabla ya kukausha. Mashine ikirukaruka, nguo zimeegemea upande mmoja au springi moja imechomoka. Usikaushe koti la mvua wala kitambaa kisichopitisha maji, kwa sababu maji hunaswa ndani yake, uzito unakwenda upande mmoja ghafla, na kikapu kinaweza kuvunja pipa. Na kwa kuwa chini ya mashine ni wazi, panya huingia kula nyaya. Wavu mgumu uliofungwa chini unamaliza tatizo hilo, mradi hewa ya kupoza mota iendelee kupita.

Ikiwa breki, kapasita, umeme na raba vyote viko sawa, ndipo mota ipimwe. Ina nyaya tatu. Kwa multimita, pima upinzani wa kila jozi: kipimo kikubwa kinapaswa kukaribia jumla ya viwili vidogo. Jozi isiyosoma chochote inaonyesha nyuzi zimekatika, au fyuzi ya joto iliyofichwa ndani ya nyuzi imefunguka. Waya wowote ukisoma kwenda kwenye chuma cha mota, mota hiyo ni hatari, iondoe. Mafundi wa kusuka mota wanaweza kuirudisha ikiwa beringi bado nzima, na wakikuta ni fyuzi ya joto tu, waweke nyingine ya kiwango kilekile. Kuiruka fyuzi hiyo kwa kipande cha waya kunaondoa kitu pekee kinachozuia mota iliyokwama isiwake moto.

Ukimwita fundi, mwambie umeshaangalia nini na umeona nini. Mazungumzo yanabadilika mara moja. Muulize atakuonyesha vipi kwamba mota imekufa, na akubali kukuachia spea ya zamani mkononi. Chuo cha VETA Chang'ombe, palepale Temeke, kimetoa mafundi wengi wa umeme, na fundi aliyesoma hachukii kuulizwa. Huyo ndiye wa kutunza namba yake. Spea ziko Kariakoo kwa wingi, lakini nenda na kifaa cha zamani mkononi au picha yenye namba, maana raba mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kutofautiana milimita chache kwenye tundu. Kapasita, waya wa breki na raba, vyote vitatu kwa pamoja, havifikii bei ya mota.

Kuhusu vikaushio vya joto. Vinakuja zaidi kama mitumba, vikiwa vimetoka Ulaya, Ghuba, Japani au Marekani, na swali la kwanza ni lebo ya nyuma inasema nini. Hapa tunatumia volti 230 na hezi 50. Vya Japani vingi ni vya volti 100. Ukichomeka moja kwa moja umekiunguza. Vya Marekani vinataka mpangilio wa umeme ambao nyumba zetu hazina, na mota zake za hezi 60 zitazunguka polepole kwa karibu asilimia 17. Vya Ulaya ndivyo vinavyofaa. Kikizunguka bila joto, tazama chujio la manyoya ya nguo na bomba la kutolea hewa kabla ya kununua koili: hewa ikizibwa, joto linapanda, fyuzi ya joto inakatika, na ukiweka mpya bila kusafisha itakatika tena. Chujio lisafishwe kila baada ya mzigo mmoja, kwa sababu manyoya yale huwaka kirahisi. Ovaroli ya gereji yenye mafuta au petroli isiingie humo kamwe, hata kama imefuliwa.

Fikiria pia LUKU. Kikaushio cha wati 2,500 kikitumika saa moja kila siku kwa siku 30 kinakula uniti 75, na uniti 75 kwa mwezi ndiyo ukomo wa kundi la wateja wadogo wa majumbani wanaouziwa umeme kwa bei nafuu. Kifaa kimoja kinaweza kukutoa kwenye kundi hilo. Pipa dogo la kukaushia, likiwa na mota ya wati kama 150 kwa dakika 5, linafanya kazi takriban mara 80 kwa uniti moja. Kwa wapangaji wanaochangia mita na kugombana kila mwezi kuhusu mwenye mashine, hesabu hiyo imalize ugomvi.

Nirudi kwenye swichi ya mfuniko na breki, maana nimeahidi. Kikapu kinachozunguka mara 1,300 kwa dakika kikinasa khanga au mkono wa mtoto hakisimami kwa sababu mtu amepiga kelele. Ukifungua mfuniko, kinapaswa kusimama ndani ya sekunde chache. Pima leo: kikiwa tupu, kikizunguka kwa kasi, fungua mfuniko na uhesabu polepole. Ukifika kumi na bado kinazunguka, au ukikuta swichi imeunganishwa moja kwa moja, mashine hiyo isitumike mpaka itengenezwe, hata kama nguo zimelundikana na mvua inanyesha. Hakikisha pia pini ya ardhi ya plagi haijakatwa na soketi ina waya wa ardhi unaofanya kazi. Ukishika mashine ukahisi umeme unakuchonyota, hata kidogo, toa plagi na umwite fundi umeme siku hiyohiyo.

Tafadhali, ukishaipima breki ya mashine yako, nenda ukaipime na ya jirani.